Nani Ameshika Kamba? Nyuma ya Pazia la Filamu ya "Hatari!"

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki vitabu. Tunapewa riwaya, tunachambua fani, tunachambua maudhui, tunaorodhesha dhamira, tunakabidhi kazi kwa mwalimu. Filamu tunawaachia wenzetu wa sanaa za maonyesho, au tunaitazama bwenini usiku wa Jumamosi kama burudani tu. Katika makala hii ninakusudia kuvunja kidogo mazoea hayo. Ninataka kuijadili filamu moja ya kauboi, maarufu duniani, ambayo haikupigwa Texas wala Arizona. Ilipigwa Tanganyika, chini ya Mlima Meru, na jina lake ni neno la Kiswahili: Hatari! Alama ya mshangao waliiweka wenyewe.

Niliitazama kwa mara ya kwanza Kongwa, kwa babu yangu mzaa mama, wakati wa likizo ya Desemba. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta kwa ajili ya maandalizi ya semina. Babu ni mtu wa ng'ombe. Ujanani alifanya kazi katika ranchi ya Kongwa, kule kule ambako Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Kwa hiyo mambo ya kumkimbiza mnyama, kumtia kamba na kumwangusha hayahitaji kufafanuliwa mbele yake. Alikaa kwenye kigoda, akaangalia kama robo saa bila kusema neno. Halafu akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Mjukuu wangu, huyo mwenye kofia mnamsifu bure. Huyo ameketi. Mwenye kazi ni yule aliyeruka na kamba. Anaitwa nani?"

Nikamwambia, babu, huyo mwenye kofia ndiye stelingi, jina lake John Wayne.

"Sikukuuliza stelingi. Nimeuliza mwenye kamba."

Mwenye kamba alikuwa Mwafrika, kijana, anaruka kutoka nyuma ya lori na kumfunga mnyama miguu wakati vumbi halijatulia. Nilirudisha picha mwanzo, kwenye majina ya waigizaji wakuu. Wapo Wamarekani, yupo Mjerumani, yupo Mtaliano, wapo Wafaransa. Mtanganyika hayumo hata mmoja. Swali la babu ndilo lililonifanya niache kuitazama filamu hii kama burudani na kuanza kusoma habari za jinsi ilivyotengenezwa.

Kwanza tukubaliane kwamba hii ni filamu ya kauboi. Najua wapo watakaobisha, kwa sababu hakuna farasi, hakuna sherifu, wala hakuna watu wawili wanaotazamana katikati ya mtaa mtupu. Lakini hebu tuangalie walioitengeneza. Mwongozaji ni Howard Hawks, aliyekwisha kutoa Red River (1948), hadithi ya kuswaga maelfu ya ng'ombe kutoka Texas, na Rio Bravo (1959). Filamu zote hizo mbili stelingi ni John Wayne, na mpiga picha wa zote mbili ni Russell Harlan. Katika Hatari! Wayne yumo, Harlan yumo. Mwandishi wa mchezo ni Leigh Brackett, mwanamama aliyeshiriki kuandika Rio Bravo. Yaani jamaa wale wale walifunga virago wakaja Arusha. Farasi amegeuka lori. Kamba ya kauboi imebaki kamba, isipokuwa sasa kitanzi kinaning'inia kwenye ncha ya mti mrefu, na Wayne amefungiwa kiti mbele ya gari, ubavuni, akimsubiri twiga au pundamilia afike karibu. Jioni wanarudi kambini, wanakunywa, wanapiga piano, wanagombea mwanamke. Ni ranchi ile ile.

Kuna na jambo la majina. Mhusika mkuu wa kike, mpiga picha Mtaliano aliyeigizwa na Elsa Martinelli, anaitwa kwa mkato Dallas. Aliyewahi kutazama Stagecoach ya John Ford, filamu ya 1939 iliyompandisha Wayne kuwa nyota, atakumbuka kwamba mwanamke wa mle naye anaitwa Dallas. Sidhani kama ni bahati tu. Halafu yupo mhusika mwingine, aliyeigizwa na Bruce Cabot (ndiye yule yule aliyemwokoa binti mikononi mwa sokwe katika King Kong ya 1933), ambaye wenzake wanamwita "the Indian". Kambi ya kuwinda Tanganyika, na bado lazima awemo Mhindi Mwekundu! Hapa nilipata taabu kumtafsiria babu. Nilipomwambia kwamba kifaru amemjeruhi Mhindi, aliinama kwenye kioo akatafuta sana. "Mhindi yuko wapi? Mbona namwona Mzungu tu?" Kwa babu, na kwa mtu yeyote wa Dodoma, Mhindi ni mwenye duka, au ni Raj Kapoor. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, ameonyesha jinsi watazamaji wa mijini walivyozipenda filamu za Kihindi kama Awara (1951) kuliko nyingi za Hollywood. Kwa hiyo hata katika neno moja tu, filamu inazungumza na mtazamaji ambaye si sisi.

Sasa tuingie nyuma ya pazia, ambako mambo ni matamu zaidi kuliko hadithi yenyewe. Hadithi ni nyepesi mno: kikundi cha watu kinakamata wanyama msimu mzima kwa ajili ya mabustani ya wanyama ya Ulaya na Marekani, basi. Sababu ya wepesi huo ni kwamba Hawks alikuja Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960 bila mchezo uliokamilika mkononi. Alitaka kwanza apige picha za ukamataji, halafu hadithi ijengwe kuzizunguka. Mshauri wake alikuwa Willy de Beer, mkamataji wa wanyama aliyeijua kazi hiyo hapa hapa. Waigizaji hawakuwekewa watu wa kuwafanyia matendo ya hatari. Wayne na wenzake walikaa wenyewe kwenye viti vile, magari yakikimbia nyikani kwa kasi inayotisha. Brackett akawa anaandika kufuatana na yaliyopatikana porini. Kwa maneno mengine, kifaru akikataa leo, mwandishi anabadilisha kesho.

Kwa hilo ninampa Hawks heshima yake. Wahakiki wa fasihi simulizi wanatufundisha kwamba fanani hasimulii ngano kama kasuku. Anaitazama hadhira, anaongeza hapa, anapunguza pale. Hawks naye alifanya hivyo, ila hadhira yake ilikuwa wanyama. Mfano mzuri ni kifaru wa mwisho. Walikwisha kumkamata, kamera zinazunguka, mara akajinasua, ikabidi waigizaji wahangaike kumkamata upya. Mwongozaji mwingine angekata kipande hicho. Hawks alikiacha, nacho kimekuwa miongoni mwa vipande bora vya filamu nzima, kwa sababu nyuso zile haziigizi. Wamechanganyikiwa kwelikweli. Jambo jingine ambalo mtazamaji hawezi kulijua ni kwamba sauti nyingi za ukamataji ilibidi zirekodiwe upya studio. Stelingi alikuwa anatukana matusi mazito kila mnyama alipogonga gari, na matusi hayo yasingepita kwa wakaguzi wa Marekani wa wakati ule. Babu nilipomweleza hili alicheka hadi akakohoa. "Hapo sasa ndipo naamini alishika mnyama," akasema.

Inaelezwa pia kwamba Hawks alitamani kuwa na mastelingi wawili, Wayne na Clark Gable. Gable alifariki Novemba 1960. Mimi naona filamu ilipona. Gable alikwisha kuja Afrika Mashariki kuigiza Mogambo (1953) ya John Ford, na humo tayari alikuwa mwindaji anayegombewa na wanawake wawili. Isitoshe, jina Mogambo si neno la Kiswahili hata kidogo, ingawa limetengenezwa lisikike la Kiafrika. Mtu wa kwetu akilisikia atadhani ni mgambo wa soko wanakuja kubomoa vibanda. Hatari angalau ni neno halisi, lenye asili ya Kiarabu, lililomo katika kinywa cha kila mtoto. Siku hizi vijana wameligeuza tena kuwa sifa: mchezaji akifunga mabao matatu, huyo jamaa ni hatari.

Nafikia sasa kiini cha hoja yangu. Katika filamu ya kauboi ya kawaida, ya miaka ile, wenyeji wa nchi ni adui. Mhindi Mwekundu anatokea kilimani, anapiga yowe, anapigwa risasi, anaanguka. Ni dhuluma, lakini kwa lugha ya fani bado ni mhusika: ni mkinzani, bila yeye hakuna mgogoro. Katika Hatari! nafasi hiyo ya mkinzani amepewa mnyama. Kifaru ndiye anayejeruhi, ndiye anayelipiwa kisasi, ndiye anayesubiriwa hadi mwisho. Je, mwenyeji amebaki na nafasi gani? Si rafiki, si adui. Anaendesha gari, anabeba mizigo, anashika kamba, anaitikia bwana. Wahakiki wetu wanazungumzia wahusika bapa. Huyu hata ubapa hajafika, amefanywa sehemu ya mandhari, pamoja na migunga na Mlima Meru. Pale tu ambapo Warusha wanajitokeza kama jamii ni katika sherehe ya kumpaka Dallas rangi na kumpa jina la Mama Tembo, kwa sababu ya tembo wadogo anaowalea. Sherehe yenyewe imewekwa ili tumcheke mgeni aliyepakwa rangi. Waliompaka hatuambiwi wanasema nini.

Mhadhiri mmoja niliyempa rasimu ya makala hii alinipinga. Alisema ninaidai filamu ya burudani kitu ambacho haikuahidi, na kwamba Hawks hakuja kuandika historia ya Tanganyika. Hoja yake ina uzito, na mimi sitaki kuwa mhakiki wa aina ile anayehukumu kila kazi ya sanaa kwa kesi ya ukoloni. Lakini hebu tuangalie tarehe. Upigaji picha ulianza mwishoni mwa 1960 na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya 1961. Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960. Serikali ya madaraka ilipatikana Mei 1961, na Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba mwaka ule ule. Hapo katikati, Septemba 1961, Nyerere alitoa tamko lake mashuhuri la Arusha kuhusu wanyamapori, akisema kwamba kuwalinda ni dhamana ya Waafrika wenyewe. Filamu ilitolewa mwaka 1962. Kwa hiyo iliondoka nchini ikiwa chini ya bendera moja, ikaonyeshwa duniani nchi ikiwa chini ya bendera nyingine. Haidokezi kwamba kuna lolote linalotokea. Mtazamaji wa Chicago aliyelipia tiketi mwaka 1962 alitoka ukumbini akijua jinsi ya kumkamata nyani kwa wavu unaorushwa na roketi, asijue kwamba nchi aliyoiona ina serikali yake.

Muziki nao una habari yake, na hapa sisi wa Dodoma tuna neno la kusema. Hawks alirudi Marekani na ala kadhaa za Kiafrika ndani ya sanduku, akataka zitumike. Mtunzi aliyekubali kazi hiyo alikuwa Henry Mancini. Miongoni mwa ala hizo ilikuwamo ile ndogo inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo Wagogo tunaiita ilimba. Nimekulia katika sauti hiyo, na yeyote aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeizungusha ilimba duniani hadi alipofariki mwaka 2003, anajua kwamba ala ile ina uwezo wa kubeba wimbo mzima peke yake. Katika Hatari! ala zile zinachanganywa na nyingine ili kutisha: zinatoa sauti ya pori, ya kitu kinachonyemelea. Wimbo wenyewe uliopata umaarufu, ule wa tembo wadogo wanaokwenda kuoga, haukupigwa kwa ala zetu kabisa. Ni klarineti na kinanda, kwa mtindo wa watu weusi wa Marekani. Kipande hicho cha tembo Hawks alikuwa hana hakika nacho. Alitaka maoni ya Mancini. Mancini akakitungia wimbo, kipande kikabaki, na wimbo ukashinda tuzo ya Grammy kwa upangaji wa ala. Kuna wimbo mwingine katika santuri ile ile unaitwa "Big Band Bwana". Jina hilo halihitaji uhakiki.

Nimesema sana juu ya waliosahauliwa, nisimwonee basi aliyebaki. Hardy Krüger, Mjerumani anayeigiza Kurt, dereva, alipenda Momella kiasi cha kununua shamba pale mahali pa kupigia picha na kujenga hoteli. Shamba lilikuwa na historia ya Kijerumani tangu zamani; alilimiliki Margarete Trappe, mwindaji mashuhuri, aliyefariki 1957. Krüger aliishi pale kwa zaidi ya miaka 10, akapitia na Azimio la Arusha la 1967, kisha akaondoka miaka ya 1970. Alifariki Januari 2022. Sehemu ya nyumba zile leo ni hoteli ya watalii na inaitwa, bila shaka umeshakisia, Hatari. Wanyama waliouzwa katika hadithi hawakurudi, lakini jina limerudi na linalipiwa kwa dola.

Kuna jambo la mwisho ambalo ndilo lililonishangaza kuliko yote, na sijaona likitajwa na wapenzi wa filamu hii. Hatari! ilipotolewa katikati ya 1962, Waziri Mkuu wa Tanganyika alikuwa mwigizaji wa filamu. Sifanyi mzaha. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 ili akaimarishe chama, akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa hadi Desemba. Kawawa huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa maendeleo ya jamii, aliigiza kama stelingi katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa na serikali ya kikoloni kwa kushirikiana na kampuni ya Afrika Kusini. Inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu, habari ya mtu wa shamba anayeingia mjini na kukutana na ujanja wa mjini. Shabaha ya serikali ilikuwa kutuonya na kutufundisha adabu, hilo silifichi. Hata hivyo mle ndani Mwafrika ana jina, ana tamaa, anakosea, anajuta. Hadithi haiwezi kwenda bila yeye. Wamarekani walisubiri hadi 1981 ndipo mwigizaji wao, Ronald Reagan, akaingia Ikulu, na dunia ikaona ni ajabu. Sisi tulikuwa tumetangulia kwa miaka 19, tena kimya kimya. Na TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, Waziri Mkuu alikuwa tena Kawawa.

Leo Hatari! unaipata popote, picha safi, rangi zinang'aa, dakika 157 kamili. Muhogo Mchungu wangapi kati yetu tumeiona? Katika darasa letu la fasihi na filamu niliuliza. Hakunyoosha mkono mtu yeyote, na mimi mwenyewe sikunyoosha.

Babu ameiona. Nilipomtajia tu jina alikaa sawa kwenye kigoda. Alikuwa mtoto mdogo, gari la sinema la serikali lilikuja, likatandaza shuka jeupe, watu wakatoka hadi vijiji vya mbali na watoto mgongoni. Hakumbuki mwanzo wala mwisho wa hadithi. Anakumbuka kwamba yule mtu alizungumza Kiswahili, kwamba watu walimcheka na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na kwamba baadaye, Uhuru ulipokuja, mzee mmoja alisikia redioni jina la Waziri Mkuu mpya akawaambia wenzake, si ndiye yule wa shukani? Nikafungua tena kompyuta, nikarudisha pale kijana anaporuka na kamba. Babu alimtazama mara mbili, mara tatu. Kisha akaniuliza kama mashine yangu inaweza kusimamisha picha, nikaisimamisha, akasogeza kigoda karibu ili amwone uso.